Alama sita: kisa cha mwanafunzi aliyepitwa na dodoso la sonona

Kijana huyu wa chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam alijaza dodoso la sonona kwa kalamu, wiki chache kabla ya mitihani ya kufunga muhula. Maswali tisa, dakika zisizofika tano. Jumla yake ilikuwa 6, na kwa dodoso lile alama 5 hadi 9 ni dalili za kiwango cha chini, mtu wa kuambiwa apumzike na arudi akiona hali inaendelea. Mchana wa siku hiyohiyo alihojiwa na daktari ambaye hakuwa ameiona karatasi yake wala kuambiwa alama zake. Daktari aliandika: sonona, kiwango cha kati, ana mawazo ya kutaka kufa, asiondoke bila mpango wa matibabu.

Mmoja kati ya hao wawili, karatasi au daktari, alikuwa amekosea. Nilikuwa miongoni mwa waliokaa kutafuta ni nani na kwa nini. Nakiandika kisa hiki kwa sababu watafiti wengi wanaotafsiri madodoso huwahangaikia waliopata alama nyingi, ilhali walioanguka chini ya mstari, yaani alama ambayo anayeifikia huhesabiwa huenda ana sonona, ndio wanaoonyesha kama dodoso linafaa au halifai. Kijana mwenyewe aliridhia kisa chake kitumike. Fani yake, mwaka wake wa masomo na anakotoka nimeviacha kwa makusudi.

Dodoso lenyewe ni PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams wa Marekani. Maswali yake tisa yanafuata dalili tisa za sonona zilizomo kwenye mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa nchi hiyo: kukosa hamu, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona hufai, umakini, wepesi au uzito wa mwendo, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita na lina majibu manne, kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu ni 27. Mstari unaotumika sana ni 10. Katika kazi ile ya 2001, wagonjwa 580 walihojiwa na wataalamu wa afya ya akili ambao hawakujua majibu ya dodoso, na mstari wa 10 ukanasa asilimia 88 ya wenye sonona na kuwaacha salama asilimia 88 ya wasio nayo. Ni dodoso la bure, fupi, na halihitaji daktari kulijaza. Ndiyo maana limeenea duniani kote.

Lakini asilimia hizo ni za wagonjwa wa zahanati za Marekani. Haziwezi kuhamishiwa kwenye vyuo vikuu vyetu vya Mlimani au Upanga kwa sababu tu karatasi sasa ina Kiswahili. Afrika wapo waliolifanya jambo hili vizuri. Mwaka 2006 Adewuya na wenzake walilipima PHQ-9 kwa wanafunzi 512 wa chuo kikuu Nigeria, na mstari wa 10 ukawafaa. Hapa Dar es Salaam, mwaka 2002, Sylvia Kaaya na wenzake walipima orodha nyingine ya dalili, ile ya Hopkins yenye maswali 25, kwa wajawazito wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kiswahili cha PHQ-9 nacho kimeshapimwa kwa wagonjwa, Kenya na Tanzania. Mwanafunzi wa miaka 21 anayesubiri bumu, fedha ya kujikimu itokayo kwenye mkopo wake, hayumo katika makundi hayo ya wagonjwa, na timu niliyokuwamo ilitaka kujua kama mstari uleule unamfaa.

Kazi ya lugha ilifanywa kwa utaratibu unaojulikana. Watu wawili walitafsiri kila mmoja kivyake, wakakutana wakapatanisha, mtu wa tatu akairudisha rasimu kwenye Kiingereza, kisha jopo la daktari wa magonjwa ya akili, muuguzi, mtaalamu wa Kiswahili na wanafunzi wawili likapitia. Kibali cha kamati ya maadili kilipatikana. Kila kitu kilionekana kimenyooka.

Mvutano ulikuwa kwenye mahojiano ya daktari, ambayo ndiyo kipimo cha kulinganishia na ndiyo yanayokula fedha. Timu ilitumia MINI, mahojiano yenye mpangilio maalumu ambayo mtu aliyefunzwa huyamaliza bila kuchukua nusu siku, lakini hata hivyo daktari mmoja hawezi kuwahoji mamia ya wanafunzi. Pendekezo la kwanza lilikuwa wahojiwe tu waliopata 10 na kuendelea. Ukilisikia haraka lina mantiki: hao ndio wanaohitaji msaada.

Ukikubali pendekezo hilo, umeshaharibu utafiti. Uwezo wa dodoso wa kunasa wagonjwa hupimwa kwa kuuliza: kati ya wote wenye sonona, ni wangapi waliovuka mstari? Kama hukumhoji hata mmoja aliye chini ya mstari, kila mgonjwa utakayempata atakuwa aliyevuka, na jibu litatoka asilimia 100 hata kama dodoso ni bovu. Utaandika ripoti nzuri, itapitishwa, na kila mgonjwa mwenye alama 6 atakuwa hayumo ndani yake. Nimeona kazi za namna hii zikisifiwa kwa asilimia zao, na inaniuma, kwa sababu nyuma ya asilimia hizo wapo watu walioambiwa hawana kitu.

Msimamizi mkuu alikataa. Ikaamuliwa wote waliovuka mstari wahojiwe, na kwa walio chini ichezwe bahati nasibu, mmoja kati ya kila watano. Hesabu ya mwisho inamrekebisha kila aliyeokotwa asimame kwa niaba ya watano. Daktari haambiwi nani ni nani. Na mahojiano yanafanyika siku ileile, au ikishindikana ndani ya siku mbili tatu, kwa sababu dodoso linauliza wiki mbili zilizopita na wiki mbili za mwanafunzi karibu na mitihani hubadilika haraka.

Kijana wetu aliingia kwa bahati nasibu hiyo. Bila hiyo angerudi hosteli na alama zake 6.

Kuisoma karatasi yake upya

Baada ya wiki kadhaa za matibabu, alipokuwa na nafuu ya kutosha na mwenyewe kukubali, daktari alikaa naye na karatasi ile mezani. Hakumuuliza kwa nini alijibu hivi au vile, maana swali la namna hiyo humfanya mtu ajitetee. Alimwomba asome kila swali kwa sauti, kisha aeleze kwa maneno yake linauliza nini na majibu yanamaanisha nini. Alama zake zilikuwa hivi: kukosa hamu 1, huzuni 0, usingizi 1, uchovu 2, hamu ya kula 1, kujiona hufai 0, umakini 1, mwendo 0, mawazo ya kufa 0.

Walipofika swali la usingizi alisema usiku mwingi alikuwa macho hadi karibu na adhana ya alfajiri. Usiku mwingi kiasi gani? Alihesabu kwa vidole. Kama siku kumi, kumi na moja, katika zile wiki mbili. Daktari akamwonyesha safu ya majibu: "hapana kabisa", "siku kadhaa", "zaidi ya nusu ya siku", "karibu kila siku". Kumi na moja katika kumi na nne si zaidi ya nusu?

"Dokta, usingizi si ni wa usiku tu? Nusu ya siku nzima itakuwaje?"

Jibu lilikuwa hapo. Rasimu ilisema "zaidi ya nusu ya siku", na kwa kuwa neno siku halibadiliki kwa wingi, yeye alisoma saa: kwamba tatizo linakushika zaidi ya nusu ya kutwa. Kwa mambo yanayokuja kwa nyakati zake, kama usingizi, chakula, au kushindwa kusoma kila afunguapo daftari jioni, jibu hilo aliliona halimhusu kabisa. Akabaki na mawili, "siku kadhaa" na "karibu kila siku". Zilikuwapo Jumamosi alizocheza mpira na Jumapili alizokwenda kanisani akajisikia nafuu, hivyo kusema karibu kila siku aliona ni kutia chumvi. Akachagua "siku kadhaa". Swali moja tu alilopata 2 ni uchovu, kwa sababu uchovu alikuwa nao kutwa nzima. Alama sahihi, kwa usomaji usio sahihi.

Fanya hesabu. Kukosa hamu, usingizi, hamu ya kula na umakini, yote manne yalikuwa ya siku kumi au zaidi kwa maelezo yake, na yote aliyapa 1. Yakipanda hadi 2, na uchovu ukibaki 2, maswali hayo matano peke yake yanamfikisha 10. Angevuka mstari kabla hatujagusa huzuni wala mawazo ya kufa.

Nataka msomaji aone kwa nini hatua zote zilizotangulia hazikulikamata hili. Mtu wa kurudisha tafsiri kwenye Kiingereza alikuwa amezoea madodoso ya aina hii. Alipokutana na maneno yale alijua yanakusudia nini, akaandika siku kwa wingi, na jopo likaona Kiingereza kimerudi kilekile. Nacho kipimo cha alfa cha Cronbach, ambacho watafiti wetu hupenda kukitanguliza kwenye matokeo, huangalia kama majibu ya maswali yanakwenda pamoja. Ukiyasoma maswali yote tisa kwa kosa moja, majibu yataendelea kwenda pamoja vizuri sana. Alfa ya juu ingepatikana hata kama chuo kizima kingesoma kama kijana huyu. Aliyeweza kuliona kosa ni mwanafunzi anayesoma kwa sauti mbele ya mtu mwenye subira, na hatua hiyo, ya kuwasikiliza wachache wakieleza walichoelewa, ndiyo ilikuwa imerukwa kwa kukimbizana na ratiba ya muhula.

Swali la sita lina lake. Linauliza kama umejiona umeshindwa, au umejiangusha mwenyewe au familia yako. Aliandika 0. Katika mahojiano alizungumza kwa muda mrefu kuhusu mama yake, ambaye biashara ndogo ndiyo iliyomfikisha chuoni, na wadogo zake wanaomtazama yeye. Alisema anajiona mzigo. Alipoulizwa kuhusu ile 0 alishangaa: "Sijaiangusha familia, dokta. Sina sapu, sijadisko." Yaani hana mtihani wa kurudia wala hajaondolewa chuoni kwa kufeli. Kwake kuangusha familia ni tukio, lina karatasi ya matokeo. Hisia ya kuwa mzigo haikupata mahali pa kukaa kwenye swali lile. Huzuni nayo alisema hana. Amechoka tu na hakuna kinachomfurahisha. Hapo dodoso halikukosea. Kitabibu, kukosa hamu kunatosha kusimama mahali pa huzuni, mradi dalili nyingine zitimie na maisha ya mtu yawe yameathirika, na yake yalikuwa yameathirika: vipindi alikuwa akihudhuria, lakini kazi za nyumbani alikuwa amezikatia tamaa.

Swali la tisa

Hili sikulichukulia kama suala la lugha hata mara moja. Swali alilielewa. Aliandika 0 kwa sababu juu ya karatasi kulikuwa na nafasi ya namba ya usajili na namba ya simu.

Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwa na mawazo si kujaribu, na mwanasheria atakueleza tofauti hiyo vizuri. Mwanafunzi aliyekaa kwenye benchi na kalamu hana mwanasheria pembeni. Anawaza polisi, ofisi ya mshauri wa wanafunzi, mkopo wake, na mama kupigiwa simu. Aliniambia alikuwa na hakika kwamba akitia alama pale atasimamishwa masomo. Nani angemlaumu?

Mbele ya daktari alisema. Aliulizwa waziwazi, kwa sauti ya kawaida, faragha, baada ya kuelezwa nini kitabaki siri na ni katika hali gani siri italazimika kuvunjwa ili kumlinda. Wapo wanaoogopa kwamba kumuuliza mtu kuhusu kufa ni kumpandikizia wazo. Tafiti zilizofanywa juu ya jambo hilo hazijaonyesha hivyo, na wengi husema wanajisikia wepesi baada ya kuulizwa. Hakuondoka peke yake siku ile. Alisindikizwa hadi kliniki ya afya ya akili, na mtu aliyemchagua mwenyewe, mjomba wake anayeishi Temeke, alijulishwa kwa ridhaa yake.

Timu ilikuwa kwenye njia panda ya kweli. Ukiondoa utambulisho wote, watu watajibu kwa uhuru zaidi, lakini aliyeandika 3 kwenye swali la tisa huwezi kumfuata. Ukiweka utambulisho, unaweza kumfuata mtu ambaye hatakuambia. Walichofanya ni kuweka namba ya siri tu kwenye karatasi, na orodha ya kuunganisha namba na mtu ikabaki kwa daktari mmoja asiyeajiriwa na chuo. Kila karatasi husomwa swali la tisa kabla aliyeijaza hajaondoka eneo lile. Maelezo ya ridhaa sasa yanataja kwamba majibu hayaendi ofisi yoyote ya chuo, yakiwa mstari wa kwanza badala ya kufichwa ukurasa wa pili.

Dawa ya mkato iliyokataliwa

Kwenye kikao kilichofuata lilitoka pendekezo ambalo najua litavutia wengi: dodoso liachwe lilivyo, mstari ushushwe hadi 6. Kijana atanaswa, na data zilizokwisha kukusanywa zitapona.

Nililipinga. Kushusha mstari ni halali kabisa pale ambapo watu wameyaelewa maswali na takwimu zinaonyesha kwamba kwa jamii hii ugonjwa huanza kuonekana mapema. Hapa baadhi walisoma siku na wengine walisoma saa, kwa karatasi ileile. Mstari wa 6 ungemnasa aliyesoma saa, na papo hapo ungewajaza waliosoma siku na wasio na ugonjwa. Na chuoni hawa ni wengi, kwa sababu maisha yenyewe yanajibu maswali ya dodoso. Bumu likichelewa, mtu anakula mlo mmoja na kuandika kwamba hali chakula vizuri, wakati hamu anayo na hela hana. Wanaobebana wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, na joto la Desemba, hawalali vizuri. Anayetoka Mbagala kwa daladala alfajiri kuwahi kipindi cha saa moja asubuhi Mlimani amechoka siku zote za wiki. Maswali matatu ya usingizi, uchovu na chakula yanaweza kumpa mzima alama 6 bila sonona yoyote. Daktari huuliza kinachosababisha, karatasi haiwezi.

Data za mwanzo zikahesabiwa kuwa za majaribio. Kamati ya maadili ilipelekewa marekebisho. Muhula ulipotea, na najua ilivyo ngumu kwa mwanafunzi wa uzamili ambaye ada inaendelea kuhesabika, lakini sioni njia nyingine iliyokuwa ya haki.

Fomu mpya inataja hesabu: "siku 1 hadi 7", "zaidi ya siku 7 kati ya 14", "karibu siku zote 14". Wanafunzi wachache wa vitivo tofauti waliisoma kwa sauti kwanza. Mmoja wao alikwama kwenye swali la nane, ambalo linaunganisha kwenda pole na kuhangaika huku na huko ndani ya sentensi moja ndefu, na limevunjwa vipande viwili vifupi bila kubadili maana. Swali la chakula halikuongezwa chochote, kwa sababu ukianza kuandika "hata kama chakula kipo" umeshatengeneza swali jingine; anayehoji ndiye atakayelichambua. Swali la sita sasa linataja pia kujiona mzigo kwa wengine, na hili nalikubali nikiwa na wasiwasi, kwani limesogea kidogo kutoka lilivyokuwa na litatakiwa kuonyeshwa kwenye takwimu kwamba bado linakwenda na mengine.

Kilichobaki ni matumizi. Chuo kilipenda kuwatumia wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza dodoso kwa simu wakati wa usajili. Tukachora hesabu ubaoni kwa ofisi husika, tukitumia asilimia 88 zile nzuri za mwaka 2001. Tuseme wanafunzi 1,000, na 100 kati yao wana sonona. Watanaswa 88, watapita 12. Kati ya 900 wasio nayo, watanaswa 108. Watu 196 wanahitaji kuhojiwa na mtu aliyefunzwa, zaidi ya nusu yao hawana sonona, na miongoni mwao wapo wenye swali la tisa ambao hawawezi kusubiri hadi Jumatatu. Tuliuliza ni washauri nasaha wangapi wapo kazini kwa wiki. Baada ya jibu hilo, mpango wa simu uliwekwa kando. Walikubali kuanza na hosteli moja, kwa karatasi, siku ambazo daktari yupo, na kwamba kila watano walio chini ya mstari, mmoja ataendelea kuitwa.